Korija, Bamvua na Deni

Vyumba vya nyumba za mawe za kale, kuanzia Kilwa hadi Lamu, ni virefu lakini vyembamba. Anayetaka kujua kwa nini aje atazame matope ya delta ya Rufiji. Dari zile zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka, yenye unene wa kubeba sakafu ya mawe na chokaa, hukupa mita mbili na nusu kutoka ukuta hadi ukuta, au tatu ukibahatika. Fundi hakumuuliza mwenye nyumba anataka sebule ya upana gani. Alipima boriti, kisha akajenga kuta. Ukivuka bahari ukaingia nyumba za Sur, kule Oman, au za Kuwait zilizojengwa kabla ya pesa za mafuta, unakuta upana uleule.

Biashara hiyo ni ya zamani. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Zanj ni pwani yetu yote, kwa hiyo sitadai kwamba miti ya Siraf ilikatwa Salale, kwetu deltani. Lakini hapa hapa Kibiti, sehemu za Mkukutu, mwanaakiolojia Felix Chami amefukua shanga za Kirumi. Mtu asishangae, basi, akisikia kwamba delta ilikuwa na wageni wa ng'ambo kabla hajapatikana wa kuwaandikia risiti.

Mimi ni mtoto wa Nyamisati. Nilifanya kazi ya ushirika mpaka nikastaafu, na sasa nakaa Kibiti mjini, kando ya barabara ya Lindi. Vikundi vya vijana na kina mama huniletea maandiko yao ya miradi niyapitie kabla hawajayapeleka halmashauri kuomba mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato inayotengewa vikundi. Andiko la siku hizi linakuja limechapwa na kubanwa, lina dira, dhima, malengo mahsusi na jedwali la shughuli. Kabatini mwangu, juu ya maandiko hayo, nimeweka daftari la babu yangu mzaa baba, aliyekuwa msimamizi wa wakata boriti upande wa Salale enzi za Mwingereza.

Daftari lenyewe lina jalada gumu lililoliwa na mende pembeni, na ndani limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wino umekuwa rangi ya chai. Kila ukurasa una safu tatu. Ya kwanza ni bamvua, ya pili ni korija, ya tatu ni deni. Hakuna safu ya faida, hakuna malengo ya muda mrefu, na neno "changamoto" halimo kabisa. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni kumbukumbu za mtu asiyejua hesabu. Baadaye, nilipojua kazi yenyewe ilivyokuwa, niliona kwamba mzee alikuwa ameandika yale tu ambayo moja lao likiharibika hakuna boriti inayofika baharini.

Tuanze na bamvua. Boriti hazikatwi ukingoni mwa mto, kwani za ukingoni zilikwisha zamani. Mkataji huingia ndani, tope likimfika magotini, akipita juu na chini ya mizizi ya mikoko, shoka begani. Huchagua mti ulionyooka, mkoko, msinzi au mkandaa, akauangusha, akaupogoa, akaubeba peke yake hadi kwenye kijito cha karibu. Hapo boriti hulazwa zikisubiri maji. Maji mafu hayafiki kule juu ya vijito. Yanayofika ni maji ya bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ambapo bahari ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku hizo chache mtumbwi unaingia mpaka pale boriti zilipolala, unapakia, unatoka na maji yakipwa. Ukichelewa, unakaa nusu mwezi mwingine na wakataji wako wanakula. Ndiyo maana safu ya kwanza ya babu haikuwa na tarehe za Kizungu. Ilikuwa na mwezi.

Korija ni boriti ishirini. Hiyo ndiyo hesabu ya pwani nzima, na nahodha wa Sur au wa Kuwait hakuhitaji mkalimani kuielewa. Lakini ndani ya korija kuna daraja: nguzo, boriti, mazio, pau, fito, kwa kufuata unene. Babu aliandika boriti na mazio. Fito hana, pau hana. Baba alinisimulia kwamba watu walimcheka kwa kuacha fito zinaozea msituni wakati kila mwenye kibanda alizihitaji, naye akawajibu kuwa fito zina wenyewe. Ukumbuke delta ilikuwa na vitu vingi vya kumtia mtu tamaa: mkomafi na mlilana wa mataruma ya vyombo, msikundazi wa milingoti, magome ya kutia ngozi dawa, asali, chumvi, kamba, kaa. Mtu mwenye mitumbwi na vibarua angeweza kugusa vyote. Yeye aliwaza kwamba kila kibarua anayekata fito siku ya maji mafu hatakuwa na boriti ya kupakia siku ya bamvua.

Deni ndiyo safu ndefu kuliko zote. Mkataji haingii tope kwa ahadi. Alitanguliziwa unga, kanga ya mkewe, tumbaku, wakati mwingine pesa ya kodi ya kichwa, na mwenye kutanguliza naye alikuwa ametanguliziwa na nahodha au na mwenye duka. Jahazi liliondoka na deni likabaki, likangoja kaskazi ya mwaka unaofuata. Katika daftari la babu majina ya wadaiwa yanarudi mwaka hadi mwaka, mengine yakabadilika kuwa ya watoto wao. Sisemi kwamba ulikuwa utaratibu wa haki. Nasema kwamba aliyesimamia kazi ile alijua biashara yake inasimama juu ya nani anamdai nani, na hakulificha jambo hilo nyuma ya maneno mazuri.

Juu ya safu zote tatu kulikuwa na pepo mbili, na hizo hazikuhitaji kuandikwa. Kaskazi ilileta majahazi mwishoni mwa mwaka, na kusi iliyaondoa kuanzia mwezi wa nne hivi. Nahodha aliyechelewa kupakia Rufiji alihatarisha safari nzima. Kuna mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake akayaandika kitabuni: Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali al-Najdi. Walishuka na pwani yote, Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja, wakaishia Rufiji kuchukua boriti za kurudi nazo. Villiers hakuipenda delta hata kidogo. Mbu, joto, homa, tope, mabaharia wakihangaika na magogo siku nzima. Mimi niliyezaliwa huko sina ugomvi naye. Lakini inafaa kukumbuka kwamba nahodha yule, mtu wa tende, chumvi, abiria na kila aina ya mali ya magendo, aliruhusu mambo mengi yachelewe njiani. Boriti za Rufiji hazikuwa mojawapo, kwa sababu ndizo zilizolipia safari ya kurudi.

Msinitolee ile methali ya mshika mbili. Babu alishika tatu na hazikumponyoka.

Waliotaka vyote ni wengine. Wajerumani waliitia delta chini ya sheria ya misitu mwaka 1898, wakaweka kituo Salale, wakaanza kutoza vibali vya kukata. Hadi hapo walikuwa na akili ya biashara, maana miti ilikuwepo na wanunuzi walikuwepo. Wakaongeza magome kwa viwanda vya ngozi vya Ulaya. Wakaongeza kodi. Kisha, kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, wakaongeza pamba: mashamba ya pamoja chini ya majumbe, kila mtu atoe siku zake za kazi. Siku hizo walizitoa wapi? Walizitoa kwenye mpunga na mahindi, katika miezi ileile ambayo mtu wa Rufiji asipolala shambani nguruwe watavuna kabla yake. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba, na Maji Maji ikaanza. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji Ngarambe, alinyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, Mohoro ikiwa ndiyo boma la wilaya. Vita ile ilikuwa na sababu nyingi nzito na sitaki kuifanya iwe somo la kupanga biashara. Ila pamba ile, kama mpango, ilikosea jambo moja ambalo mkulima yeyote wa bondeni angemwambia gavana bure: kwetu miezi ya kazi haiongezeki.

(Wajerumani haohao walipobanwa walijua kuchagua. Manowari Königsberg ilijificha vijitoni mwetu mwaka 1914, Waingereza wakaiharibu tarehe 11 Julai 1915. Meli ikazama, lakini mizinga yake 10 ikatolewa majini, ikaburutwa bara na kupigana karibu vita vyote vilivyobaki. Mabaki ya meli wazee wetu waliyaona yakichomoza topeni miaka na miaka.)

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja zamu ya wataalamu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichunguza bonde lote la Rufiji na kutoa ripoti yake mwaka 1961, juzuu baada ya juzuu: udongo, maji, umwagiliaji, mafuriko. Mwaka 1968 mafuriko yalifunika bonde, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni kuwapeleka miinukoni. Shule zikafunguliwa, zahanati zikajengwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini mashamba ya mlau, yale yanayolimwa maji ya mafuriko yakishapungua na kuacha tope jipya, yalibaki kulekule bondeni. Watu wakawa na nyumba mlimani na dungu shambani, wakapanda na kushuka. Aliyepanga operesheni aliweka usalama mbele, na huwezi kumlaumu. Mkulima aliweka tope jipya mbele, na yeye ndiye aliyekuwa akila.

Mwaka 1975 ikaundwa RUBADA, Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Rufiji. Nimewahi kuisoma sheria yake kwa makini, kwa kuwa kazini tulikuwa tukikutana na barua zao. Mamlaka moja ilipewa kuzalisha umeme, kuzuia mafuriko, kuendeleza umwagiliaji, uvuvi, misitu, viwanda, utalii na usafiri, katika bonde linaloanzia nyanda za juu za Mbeya na Iringa na kuishia baharini kwetu. Wanorwe wakafanya upembuzi wa bwawa la Stiegler's Gorge, korongo lililopewa jina la Mjerumani aliyeuawa na tembo mwaka 1907. Bwawa halikujengwa zama zile. Umwagiliaji ulingoja bwawa, utalii ulingoja barabara, viwanda vilingoja umeme. Kilichotakiwa kije kwanza kilikuwa ghali mno, na vingine vyote vilikuwa vimefungwa kwenye mkia wake. Miongo minne hivi baadaye mamlaka ikafutwa. Sikuwahi kukutana na mfanyakazi wao mvivu, na sidhani kama tatizo lilikuwa watu.

Kinyume chake ni mradi wa kamba wa miaka ya 1990. Ule haukutaka vyote, ulitaka kimoja: mabwawa ya kufugia kamba, hekta 10,000, ndani ya delta. Serikali iliuridhia mwaka 1997. Wanavijiji wengi wa delta waliupinga, kesi ikafika mahakamani, na mabwawa hayakuchimbwa. Nautaja kwa sababu siku hizi kuna watu wanaodhani kuwa kuchagua jambo moja ni busara tosha. Mpango ule ulikuwa umechagua, lakini aliyechagua hakuwa mtu wa kuamka asubuhi akakuta kijito chake kimezibwa.

Turudi kwenye boriti, maana mwisho wake unamhusu babu. Ghuba ilipopata mafuta, ikapata saruji na nondo. Nyumba za Kuwait zikapanuka vyumba. Majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi yakapungua mwaka hadi mwaka, mengine yakatiwa injini, mengine yakaachwa ufukweni. Mwaka 1987 serikali ikapiga marufuku ukataji wa mikoko nchi nzima, na mwaka 1991 ukatoka mpango wa kusimamia misitu hiyo, kazi kubwa ya Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vibali vilirudi baadaye kwa utaratibu. Delta peke yake ilikuwa na kiasi cha hekta 53,000 za mikoko, na bado ni moja ya misitu mikubwa kabisa ya aina hiyo Afrika Mashariki.

Ukurasa wa mwisho wa daftari una bamvua, una deni, na safu ya korija ni tupu. Safu ya mnunuzi hakuwahi kuiweka. Mnunuzi alikuwa akija na upepo tangu enzi za mababu zake, na mtu haandiki kwamba upepo utavuma. Hapo ndipo mpango wake mfupi ulipokuwa mfupi mno.

Familia haikulala njaa, lakini si kwa sababu ya daftari. Ilikuwa kwa sababu ya bibi, ambaye jina lake halimo humo hata mara moja. Bibi alikuwa na shamba la mpunga lililofyekwa ndani ya mikoko, kama desturi ya delta: maji ya mto wakati wa masika yanaosha chumvi, unapandikiza, unapigana na kaa wanaokata miche, unavuna, na baada ya miaka kadhaa magugu na kaa wakizidi unahamia kwingine. Mipango yake ilikuwa kichwani na ilikuwa mifupi kuliko ya mumewe. Maji baridi yako upande gani mwaka huu? Hilo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto wenyewe ulihama, sehemu kubwa ya maji ikaelekea matawi ya kaskazini ya delta. Kusini chumvi ikapanda, na kaskazini watu wakafyeka mikoko kwa ajili ya mpunga kwa kasi iliyowashtua watu wa misitu. Bibi alikuwa ameshahamia kaskazini kabla ofisi yoyote haijachora ramani.

Juzi juzi kikundi cha kina mama wa kata za delta kiliniletea andiko. Walikuja na mtumbwi mpaka Nyamisati, kisha bodaboda hadi kwangu. Baada ya shikamoo na marahaba nilifungua. Shughuli kumi na moja: mashine ya kukoboa, ufugaji wa kaa, asali, mikeka ya ukindu, duka la pembejeo, upandaji wa mikoko, saluni, na nyingine ambazo walipoulizwa walizitaja kwa kusaidiana.

"Saluni ya nani, wanangu?"

"Mzee, tuliambiwa andiko liwe na mambo mengi ili tusikose."

"Msikose nini?"

"Mkopo."

Nikawauliza ni lipi katika hayo kumi na moja ambalo wanalifanya hata bila mkopo. Wakatazamana. Mpunga, wakasema, na tatizo si kulima, tatizo ni kuuza mpunga ambao haujakobolewa kwa wachuuzi wa mtumbwini kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mashine ya karibu iko mbali na nauli inakula. Tukafuta mengine. Mmoja, aliyekuwa mkimya muda wote, akaking'ang'ania kipengele cha mikoko, akasema kaa na kamba wanazaliwa humo na bila hao watoto hawana kitoweo. Tukakiacha kibaki. Kisha nikawaonyesha daftari la babu na kuwaomba wachore safu zao. Wakachora ya maji, ya magunia, ya deni. Nikaongeza ya nne, ya mnunuzi, wala sikueleza sana.

Safu ya maji ndiyo iliyotuchukua mchana kutwa. Zamani ilitosha kutazama mwezi na masika. Sasa kule korongoni kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, umeme ukaanza kutoka mwanzoni mwa 2024. Umeme ulihitajika, na aliyepanga bwawa hili, tofauti na wale wa RUBADA, alichagua kitu kimoja akakimaliza. Aprili 2024 mvua zikazidi, bwawa likalazimika kuachia maji, na mafuriko yakaingia majumbani na mashambani Rufiji na Kibiti. Mafuriko hayo yalileta hasara, na wakati huohuo ni mafuriko yanayotuletea tope la mlau na kuosha chumvi ya delta. Kwa kina mama hawa, maji mengi mno na maji machache mno yanatoka sasa kwenye milango ileile.

Atakayesimamia mashine alitaka kujua ni mwezi gani apeleke injini. Mwenye miche alitaka kujua apandikize lini. Hakuna aliyeweza kuwajibu kwa kutazama angani. Kwa hiyo katika safu ya maji, chini ya bamvua, tumeandika kwamba kabla ya kila msimu kikundi kitatuma watu wawili kwa mtendaji wa kata, na mtendaji aandike barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kuuliza ratiba ya milango. Ofisi za bodi hiyo ziko Iringa. Bajeti ya andiko sasa ina mistari minne, na mmoja wake ni nauli na vocha.